Ghorofa Isiyohesabiwa

Nisimamishe upande wa pili wa barabara, mbele ya nyumba yoyote ya mawe ya kahawia hapa Brooklyn, nipe dakika mbili, nami nitakutajia bei yake. Nikikosea sana, nitakosea dola elfu kumi. Chuo sijasoma. Nilimaliza sekondari nikaingia mtaani, na mtaa ukanifundisha yale ambayo wenye shahada huja kuyatafuta na kompyuta zao.

Jumanne saa nne asubuhi nilisimama Mtaa wa Macon, upande wa jua, nikaipa nyumba ya zamani ya Bi. Gittens dakika zake mbili. Ghorofa nne. Mawe yamesuguliwa hadi yanatamanisha kulambwa. Mlango mweusi mpya, vitasa vya shaba, taa mbili za kizamani zilizotengenezwa mwaka jana. Kampuni iliyoinunua ilikuwa imeigawa fleti tatu, na ile ya chini kabisa, yenye bustani kwa nyuma, ndiyo iliyofunguliwa kwa wanunuzi asubuhi hiyo.

"Milioni moja na laki moja," nikajiambia. Nikavuka.

Dalali alinipokea chini ya zile ngazi kubwa za mawe, kwenye lango dogo la chuma. Jina lake Brynn Halvorsen, mwanamke mrefu mwenye tabasamu lisilozimwa. Akanipa vifuko vya plastiki vya kuvalisha viatu, na karatasi nene yenye picha.

"Unafanya kazi gani, Bwana Alleyne?"

"Kompyuta."

"Oo, safi! Upande gani?"

"Ule wa nyuma, kwenye nyaya."

Akacheka kwa adabu. Nami nikaitazama bei kwenye karatasi, nikaitazama tena. Milioni moja, laki nne na elfu tisini na tano. Nilikuwa nimekosea kwa karibu laki nne. Macho yangu nikayaambia yanyamaze, tutazungumza nyumbani.

"Nina watu watatu wameshaweka ofa," alisema Brynn. "Jumatatu tunachagua mmoja, tunasaini. Ukiipenda, usilale."

Hiyo Jumatatu ndiyo iliyonileta.

Bi. Eulalie Gittens ana miaka themanini na moja, na alizaliwa ndani ya nyumba ile. Wazazi wake walitoka Barbados, wakailipia kwa miaka ishirini na sita ya kufua na kupiga pasi nguo za wenzao. Walipokufa ikabaki ya watoto wawili, yeye na kaka yake. Kaka akafia Georgia. Wanawe, ambao hawakuwahi kulala humo hata usiku mmoja, wakaiuzia kampuni nusu yao, na kampuni ikakimbilia mahakamani kudai nyumba nzima iuzwe wagawane. Hakimu akauliza ina thamani gani. Kampuni ikaleta ripoti ya mthamini: nyumba ya ghorofa tatu, dola laki tisa na elfu arobaini na tano. Hakimu akapiga muhuri, na kampuni hiyo hiyo ikanunua. Bi. Gittens akapewa chake, kodi za nyuma zikala, mawakili wakala, na makombo yaliyobaki anayalipia chumba cha kupanga. Hii ni miaka mitatu sasa.

Mwajiri wangu, Wakili Imogene Pettway, aliichukua kesi akagundua jambo moja ambalo hakuna aliyejisumbua kulitazama: ghorofa za ile nyumba ni nne. Ijumaa angesimama mbele ya hakimu. Akionyesha kwamba ile ya nne iliachwa kwa makusudi, fleti ya chini ingezuiwa isiuzwe, na Bi. Gittens angekuwa na njia ya kurudi kwake. Ikionekana ni kosa la bahati mbaya, Jumatatu wangesaini na mambo yangeishia hapo. Kazi yangu ilikuwa kumpata mtu aliyejua.

Nikatoa kipimo changu cha leza.

"Unapima?" Brynn aliuliza.

"Kochi la mama yangu ni kubwa."

Ghorofa ile: futi ishirini kwa arobaini na mbili. Mia nane na arobaini za mraba. Halafu ngazi mpya ya mbao ikateremka hadi chini ya ardhi, kwenye chumba kirefu chenye zulia na taa nyingi, kisicho na dirisha hata moja. Mia nane kamili. Karatasi ya Brynn ilisema elfu moja mia sita na arobaini, nayo ilikuwa sahihi. Hesabu yao ilikuwa nzuri siku ya kuuza.

"Huku chini palikuwa nini zamani?"

"Boila ya kupashia nyumba joto na makaa ya mawe, nadhani."

"Na hapo juu, penye jiko?"

"Stoo tu. Mabomba, panya. Kampuni ndiyo iliyopafufua. Sasa hii ndiyo ghorofa yenye roho, kila anayeingia anasema hivyo."

Nikapanda tena kwenda kuikagua hiyo stoo yao. Fundi wa kampuni alikuwa ameacha ukuta mmoja wa matofali wazi, kwa urembo. Matofali yale yalikuwa meusi kwa kiasi cha urefu wa mtu, na juu ya weusi palikuwa na bomba la gesi lililokatwa na kuzibwa. Palipikiwa hapo, na si kwa mwaka mmoja. Nikaenda mlango wa bustani. Kizingiti cha jiwe kilikuwa kimelika katikati kama kijiko. Nikachuchumaa, nikakishika. Miguu ndiyo iliyokula lile jiwe. Stoo haina miguu mingi namna ile.

"Umeangusha kitu?" Brynn aliuliza.

"Hapana. Napima kochi litapita."

Nikapiga picha ya kizingiti, ya moshi na ya bomba. Saa nane mchana nilikuwa kwenye ofisi ya kumbukumbu za majengo, na karani wa dirishani, aliyekuwa akinichukia kwa sababu ya mzaha nilioutoa mwezi uliotangulia, akanisukumia nakala ya hati ya mwaka 1938 bila kunitazama. Ilisema wazi. Chini ya ardhi: boila. Ghorofa ya chini ya ngazi: makazi, familia moja. Juu yake ghorofa tatu. Muhuri, saini, vyote vipo.

Nikampigia Wakili Pettway.

"Bosi, hawa watu ni wachawi. Walipokuwa wananunua, ghorofa moja ilipotea. Walipokuwa wanauza, imerudi na kuzaa nyingine chini ya ardhi."

"Acha vichekesho, Kemar. Nipe tarakimu."

"Ripoti iliipa nyumba dola mia tatu sabini na tano kwa futi. Futi mia nane na arobaini zimefutwa. Laki tatu na elfu kumi na tano, zimeyeyuka."

"Hizo pesa sizililii. Nataka kujua nani aliyefuta. Kesho umwone mthamini aliyesaini."

"Nimwone kwa upole?"

"Mwone kwa masikio."

*

Mthamini aliitwa Lionel Farnham. Nilikuwa nimeshamhukumu kabla sijamwona: nilimtarajia na saa ya dhahabu na gari ambalo mshahara wake haulijui. Nikaikuta ofisi yenye feni iliyovunjika, juu ya kliniki ya meno, na mzee mwembamba anayekula yai la kuchemsha kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Mtu aliyehongwa laki tatu hali yai namna ile. Nikalifuta wazo langu la kwanza kabla sijaketi.

"Macon," alisema. "Naikumbuka karatasi yake. Nyumba yenyewe siijui."

"Umesaini kwamba nyumba ilitazamwa."

"Ilitazamwa. Sikusema na mimi."

"Na nani?"

"Wapiga picha. Kuna mtu pale ofisi yetu kuu anawaokota mtandaoni, anawalipa dola arobaini kwa nyumba. Mpiga picha anasimama mbele, anapiga picha, anahesabu ghorofa, anajaza fomu. Fomu inakuja kwangu na mimi nafanya hesabu."

"Kwa hiyo mtu wa dola arobaini ndiye aliyemwambia hakimu bei ya nyumba."

"Wewe unalipwa ngapi kwa siku?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza, na yai likaonekana.

"Sikiliza kijana, mwambie wakili wako maneno haya, asipoteze muda. Fomu ilikuja imeandikwa tatu, nikaandika tatu. Mtu akikosea kuhesabu, amekosea. Hakuna jela ya watu wasiojua kuhesabu. Lakini aniletee mtu aliyejua kwamba ni nne, akaambiwa aandike tatu. Huyo akisema mbele ya hakimu, hapo hata mimi nitatafuta wakili."

"Mpiga picha ana jina?"

"Ana namba." Akavuta faili, akalipekua, akatoa karatasi mbili, fomu na picha. "Kumi na tisa. Na hii ndiyo picha yake. Chukua nakala, sina cha kuficha."

Nikaichukua ile picha.

Ilipigwa kutoka ndani ya gari. Mvua ilikuwa juu ya kioo cha mbele, na nyuma ya mvua ile nyumba ilisimama kabla ya kusuguliwa: mlango wa kijani, mapazia, ndoo ya maua kwenye ngazi. Chini kabisa ya picha ulionekana ufa wa kioo, unaanzia kona ya kulia na kugawanyika mara mbili, mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Nilikuwa naujua ule ufa. Niliutengeneza mwenyewe na mpira wa kikapu, kwenye gari la mama yangu.

"Umekuwa mweupe," Farnham alisema. "Na kwako hiyo si kazi rahisi."

"Feni yako imekufa, Mzee. Joto."

Nikashuka ngazi. Nikakaa kwenye benchi la kliniki ya meno, katikati ya watu walioshika mashavu, na kwa sura yangu hakuna aliyeniuliza kilichonipeleka.

Kumi na tisa nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na wiki nzuri nilipiga nyumba thelathini. Ile sikuikumbuka. Naapa kwamba Jumanne nilisimama mbele yake na sikuikumbuka, maana walikuwa wameibadilisha hadi mlango. Siku ile ya picha ilikuwa mvua, na sikushuka garini. Nilihesabu madirisha kuanzia juu hadi kwenye ngazi, nikapata safu tatu, nikaandika tatu. Hakuna aliyeniambia lolote. Ningejuaje? Nilikulia ghorofa ya tisa kwenye majengo ya serikali ya mji, kwetu mlango ni mmoja na kila mtu anapita hapo hapo. Hakuna aliyenifundisha kwamba kwenye nyumba hizi ni mgeni anayepanda ngazi kubwa, na mwenye nyumba huingia kwa chini, kwenye lango dogo, kwenda jikoni kwake. Nilikosea kuhesabu. Watu hukosea kuhesabu.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwenye lile benchi, na nilikuwa nimejiamini kabisa.

Nikaikunja fomu yenye ile namba, nikaitia kwenye soksi. Picha nikaiacha ndani ya bahasha. Ofisini nilimwambia Wakili Pettway kwamba mpiga picha hajulikani, walikuwa wengi, wanaokotwa na kutupwa.

Aliitazama picha kwa muda mrefu. "Hata namba?"

"Hata namba."

"Basi rudi Macon. Gonga milango. Mtaa ule watu wanakaa madirishani, kuna aliyemwona."

Nikaenda hadi kwenye kona ya Macon, nikanunua kahawa, nikainywa yote nimesimama. Halafu nikarudi nikaandika kwenye daftari la kazi: milango kumi na minne, hakuna aliyeona kitu.

*

Alhamisi mchana Wakili Pettway alinipigia. "Njoo kwa Bi. Gittens na karatasi. Tumepata mtu."

Chumba cha Bi. Gittens kiko ghorofa ya nne, Brownsville, jengo lisilo na lifti. Magoti yake hayajateremka zile ngazi tangu Februari. Mara mbili kwa wiki mimi ndiye ninayembebea viazi, unga na maji, naye hanitoi mlangoni bila kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya foili. Anaponisikia nahema kwenye ngazi huanza kunicheka kabla hajafungua.

"Karibu, kijana wa miaka tisini," alisema. "Ingia. Tuna mgeni."

Mgeni alikuwa ameketi kwenye kiti pekee chenye mikono, kofia gotini. Mzee mfupi, shingo imenyooka, koti limepigwa pasi. Wakili Pettway alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akanionyesha mahali pangu kwenye sanduku, mezani karibu na dirisha.

"Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu," akasema. "Maswali ni yangu. Wewe andika."

Nikaandika tarehe. Nikaandika: Maelezo ya shahidi. Chini yake, kama anavyotaka yeye siku zote, nikaandika majina ya wahusika yatakayojazwa: mwenye nyumba, mnunuzi, mthamini, mpiga picha. Matatu nikayajaza.

"Jina lako kamili, Mzee wangu."

"Thaddeus Crichlow. Na usiniite mzee mbele ya huyu. Eulalie ananizidi miaka mitatu."

"Miwili," Bi. Gittens alisema kutoka kwenye jiko lake la umeme, alikokuwa akikaanga vile vimandazi vya kwao wanavyoviita bekisi. "Na ulikuwa mtoto msumbufu hata wakati huo."

"Alinimwagia ndoo ya maji nikiwa na miaka saba," Mzee Crichlow akamwambia Wakili. "Liandike hilo kwanza."

Nikaliandika. Wote wakacheka, na mimi pia.

"Unakaa wapi?"

"Macon, mkabala na nyumba ya kina Gittens. Tangu nikiwa na miaka mitano. Jana usiku nampigia simu Eulalie kama kila siku, ananiambia mnatafuta aliyeona gari la picha. Nikamwambia, mbona hamjaniuliza? Jana nilikuwa dirishani mchana kutwa. Hakuna aliyegonga kwangu."

Wakili Pettway aligeuza kichwa taratibu, akanitazama. Mimi nilikuwa naandika.

"Tueleze kuhusu hilo gari," akasema.

"Ilikuwa mvua."

"Mvua kubwa?" nikauliza.

"Mvua ya kawaida."

"Lakini kioo cha dirisha lako lazima kilikuwa na ukungu. Na ni mbali, barabara nzima."

Mzee Crichlow akanitazama kwa upole mwingi. "Huyu ni wa upande wetu?"

"Kemar," alisema Wakili Pettway. "Andika."

Nikaandika: mvua ya kawaida.

"Gari dogo la kijivu likasimama mbele ya bomba la zimamoto. Pale anayesimama ni mgeni, na polisi wa faini hawachelewi. Nikaona nimwonee huruma. Nikachukua mwavuli nikashuka. Ndani nikamkuta kijana, mkate wa nyama mkono mmoja, simu mkono mwingine, anaipiga picha nyumba ya Eulalie. Nikagonga kioo. Akakishusha kiasi hiki." Akapima kwa vidole, upana wa kiganja. "Nikamuuliza picha za nini. Akasema za bima. Pajani ana karatasi, ameandika tatu. Nikamwambia, mwanangu, umekosea. Ni nne. Pale chini ya ngazi anakaa mtu. Nikamwonyesha taa ya jikoni."

"Mvua ikinyesha nilikuwa nawasha mapema," Bi. Gittens akasema. "Kuna giza pale mvua ikinyesha. Lakini jua likitoka, linaingia kwa bustani hadi kwenye meza." Akageuza kimandazi. "Hadi kwenye meza kabisa."

Mafuta yaliendelea kulia.

"Kijana akasemaje?" Wakili aliuliza.

"Akasema asante. Ana adabu. Akapiga simu mbele yangu. Nami sikuondoka, nilikuwa nangoja alihamishe gari, na kioo bado kiko wazi. Akasema kwenye simu: 'Kuna mzee hapa anasema ni nne, na kweli naona taa.' Akasikiliza. Akasema: 'Sasa niandike ipi?' Akasikiliza tena. Halafu akasema: 'Sawa. Kama mteja anataka tatu, basi tatu.'"

Wakili Pettway alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama.

"Rudia hayo maneno."

"Kama mteja anataka tatu, basi tatu. Akanitabasamia, akaniambia nisilowe, akaondoka. Nikajua ni mambo ya bima. Laiti ningejua ni nyumba inayoondoka, ningelala mbele ya gari."

"Eulalie." Nilimsikia Wakili Pettway, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti ikimponyoka. "Eulalie, hicho ndicho tulichokosa. Maneno ya kusikia hayatoshi peke yake, watayapinga. Lakini huyo kijana mwenyewe, nikimsimamisha kesho saa tatu aseme nani alikuwa upande wa pili wa simu, ile fleti haiuzwi. Hakimu ataizuia papo hapo. Unanielewa? Unaweza kurudi."

Bi. Gittens aliweka uma mezani. Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kushika kitu kisafi. "Nilishaacha kuomba hilo," akasema. "Nilikuwa naomba tu nisilisahau jiko."

"Unaweza kumtambua huyo kijana, Bwana Crichlow?"

"Miaka mitatu imepita, bosi," nikasema. "Na mvua. Hata mimi nisingeweza."

Nilisema kwa ile sauti yangu ya mzaha. Hakuna aliyecheka.

"Nilikuwa kondakta wa treni za chini ya ardhi," Mzee Crichlow alisema. "Miaka thelathini na moja. Unajua kondakta hufanya nini? Kila kituo anatoa kichwa dirishani, anazitazama nyuso zote, mwanzo hadi mwisho wa jukwaa, asije akabanwa mtu na milango. Sekunde chache tu. Sijawahi kubana mtu." Akaiweka kofia yake juu ya meza, karibu na mkono wangu. "Huyu alipoingia mlangoni nikajiambia, Thaddeus, umezeeka, umekosea. Kisha akaanza kuniuliza habari za mvua."

Wakili Pettway akaketi tena ukingoni mwa kitanda.

"Ulikuwa huna ndevu," Mzee Crichlow akaniambia. "Zimekupendeza."

"Thaddeus, acha." Bi. Gittens alikuwa amekuja kusimama kati yetu, na kule nyuma yake vimandazi vilikuwa vinaanza kuungua. "Acha. Huyu ni Kemar. Huyu ananibebea maji hadi huku juu. Huyu ni wangu."

"Najua anakubebea."

"Basi huyo alikuwa mwingine. Vijana wanafanana." Akaniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa wa moto kutokana na jiko, na mwepesi. "Mwambie, mwanangu. Mwambie si wewe, tumalize, ule."

Nilifungua mdomo. Nina maneno mengi mimi, kila anayenijua atakwambia. Niliyatafuta yote, na mkono wa Bi. Gittens ulikuwa bado begani kwangu, unasubiri.

Mzee Crichlow akainama juu ya karatasi yangu. Akaisoma taratibu, kutoka juu kwenda chini, kidole kikitembea kwenye mistari, hadi kikasimama.

"Mbona umeacha kuandika, kijana?" akasema. "Hapa. Mpiga picha. Umeacha wazi."